Betri Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Mwezi wa Julai huleta katika uwanda wa kati alfajiri kavu zenye baridi ya kupenya mifupa, na katika alfajiri hizo ndipo magari mengi ya Dodoma hukataa kuwaka. Mwenye gari hutoka nyumbani kwake Area D au Kisasa akiwa amejifunika koti, huzungusha ufunguo, husikia mguno mmoja mzito wa stata na baada yake kimya. Na kabla jua halijakipita kilima cha Mlimwa amekwisha kukata hukumu kwamba betri imekufa kwa baridi, na kabla ya adhuhuri amekwisha kununua nyingine. Muda niliokaa karibu na magari na mafundi wa mji huu umenifanya niamini kwamba hukumu ya namna hiyo aghalabu hukatwa bila ushahidi, na kwamba mita ndogo ya umeme, ambayo bei yake ni sehemu haba sana ya bei ya betri moja, ingaliweza kumwepusha mtu huyo na hasara ambayo wengi wetu huirudia mwaka baada ya mwaka.

Yafaa kwanza tuiondolee baridi shutuma isiyoistahili. Usiku wa Julai hapa Dodoma hushuka hadi kiasi cha nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na hali hiyo, ijapokuwa humtetemesha mtu aliyezoea joto la Pwani, haiwezi kuiua betri iliyo nzima. Katika nchi za kaskazini betri za aina hiyo hiyo hulala penye theluji na asubuhi magari yakawaka. Kinachoiua betri ni joto. Wahandisi wanayo kanuni ya kukadiria, kwamba kila joto liongezekapo kwa nyuzi 10 mabadiliko ya kikemia ndani ya betri huenda mbio maradufu, na umri wake hupungua karibu nusu. Nasi twaijua vyema Oktoba na Novemba ya Ugogo, wakati mvua bado iko mbali, jua limesimama utosini, na gari limeegeshwa mchana kutwa katika uwanja usio na mti, hata boneti yake haishikiki kwa mkono. Katika miezi hiyo maji ya betri hupungua, na wavu wa risasi unaoshikilia bamba chanya huliwa polepole. Lakini madhali hewa ni ya joto na oili ya injini ni nyepesi, stata huzunguka bila taabu na hapana mtu anayetambua kitu. Julai inapoingia, oili imekuwa nzito, stata yadai nguvu zaidi, na betri iliyokwisha kudhoofika haina cha kutoa. Ndipo madhara yaliyotendwa na Novemba yanapodhihirika, na baridi ikabebeshwa lawama ya jua.

Tena betri haifanyi kazi peke yake. Ni ghala la mtama, ambalo alternata hulijaza wakati injini inapozunguka na stata huchota humo wakati wa kuwasha, na ghala likikutwa tupu haifuati kwamba limetoboka: pengine mavuno hayakuingia, pengine mchotaji amechota kupita kiasi, pengine panya hutoka na mtama usiku. Anayekimbilia kununua ghala jipya pasipo kuuliza lipi katika hayo limetokea, ataliona nalo limekuwa tupu kabla ya mwezi kwisha.

Betri hii ya bamba za risasi zilizozamishwa katika tindikali ya salfa ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na asili yake haijabadilika tangu hapo. Stata ya umeme ilikuja baadaye sana. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyeifanikisha, ikatiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Wazee walioendesha Land Rover za zamani katika barabara ya vumbi itokayo Iringa, ikapita Dodoma na Kondoa hadi Arusha, wanakumbuka hendeli ya chuma iliyosafiri nyuma ya kiti, ambayo dereva aliichomeka mbele ya injini na kuizungusha kwa mkono betri ilipogoma. Hendeli hiyo haipo tena katika magari ya leo, na mengi kati ya hayo, yakiwa ya giaboksi ya otomatiki, hayawashiki hata kwa kusukumwa. Kwa hiyo dereva wa zama zetu anaitegemea betri kuliko alivyoitegemea babu yake, na kuijua hali yake ni wajibu ulioongezeka.

Kupima huanza kwa macho. Mpimaji hufungua boneti, hutazama kama ubavu wa betri umevimba au una ufa, kama mkanda wa alternata umelegea au umechanika, na kama juu ya nguzo za betri pameota ule unga mweupe unaoelekea ukijani ambao wengi huuona kila siku wasiudhanie kitu. Unga huo ni zao la tindikali iliyokutana na chuma, na ni kizuizi cha umeme. Magadi yale yale yanayouzwa Soko la Majengo kwa ajili ya maharage, yakiyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, huutoa kwa povu jingi, mradi kioevu hicho kisiingie ndani ya chemba za betri. Vichwa vya waya hufunguliwa kwa spana namba 10, na wa hasi hutangulia kutolewa na huwa wa mwisho kurudishwa, maana spana inayofungua nguzo chanya ikigusa bodi ilhali upande hasi ungali umefungwa cheche huruka. Na betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja au sigara moja yatosha kuilipua, tindikali ikamrukia mtu machoni. Sijapata kuona sababu yoyote ya kulidharau jambo hili, nami huwaona vijana wengi wakilidharau.

Kipimo cha kwanza cha mita kinataka saburi. Gari likitoka safarini, juu ya bamba za betri hubaki chaji ya usoni inayoidanganya mita, hata betri mbovu ikaonekana nzima. Kwa hiyo gari hulazwa usiku kucha, au, ikiwa haiwezekani, taa kubwa huwashwa kwa dakika mbili kisha zikazimwa na betri ikaachwa itulie kidogo. Baada ya hapo mita huwekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu, waya mwekundu kwenye nguzo chanya na mweusi kwenye nguzo hasi. Betri ina chemba sita, kila moja ikitoa kiasi cha volti 2.1, na kwa sababu hiyo betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana jina la betri ni la volti 12, na mtu akiiona 12 kwenye mita hushukuru na kufunga boneti, kumbe anaitazama betri iliyokaribia kwisha. Tena betri iachwayo siku nyingi katika hali hiyo hugandiwa na salfeti juu ya bamba zake, na uwezo uliopotea kwa njia hiyo ni shida kuurudisha.

Ikiwa betri ina vifuniko vinavyofunguka, kuna kifaa cha kale ambacho naona fahari kukisifu, nacho ni haidrometa: bomba la kioo lenye mpira wa kufyonzea na kielezi kinachoelea ndani yake. Fundi hufyonza tindikali ya chemba moja moja, akainua bomba hadi usawa wa jicho, akasoma. Chemba iliyojaa chaji husoma karibu 1.265, na iliyokwisha husoma kiasi cha 1.120. Ubora wa kifaa hiki ni kwamba huihoji kila chemba peke yake, ilhali mita huzihoji zote sita kwa pamoja. Chemba moja ikitofautiana na wenzake kwa 0.050 au zaidi hata baada ya kuchajiwa, betri hiyo imekwisha kweli, na hapo hukumu ya kuinunulia mrithi ni ya haki. Kinachopungua ndani ya chemba ni maji, wala si tindikali, na kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyotoneshwa. Maji ya bomba, ambayo Dodoma huyapata kwa wingi kutoka visima vya Makutupora, yafaa kwa kunywa na kupikia, lakini madini yaliyoyeyuka ndani yake huharibu bamba za risasi.

Volti za mapumziko hazitoshi, kwa kuwa yapo maradhi yanayojificha hadi kazi ianze. Mita ikiachwa pale pale kwenye nguzo, mtu mwingine hukaa kwenye usukani na kuzungusha ufunguo, naye mpimaji hutazama tarakimu wakati stata inapochota. Betri yenye afya, katika hali yetu ya hewa, haitashuka chini ya volti 9.6; ile iliyosoma 12.6 ikiwa imepumzika na ghafula ikaanguka hadi 7 au 6 haina nguvu ya ndani, hata ikichajiwa siku nzima. Sikio nalo ni shahidi. Mlio wa tatatata wa haraka, taa za dashibodi zikififia pamoja nao, huashiria betri dhaifu au waya usioshika. Mlio mmoja mkavu wa chuma na kisha kimya, taa zikibaki angavu, humwelekeza fundi kwenye solenoidi au kwenye brashi za kaboni za stata. Na stata inayovuma kwa kasi ilhali injini haizunguki ina gia isiyong'ata.

Injini ikiisha kuwaka, ni zamu ya alternata. Mita ikiwa pale pale, usomaji wapaswa kupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.7, kisha taa kubwa, feni na kipozahewa huwashwa vyote, mguu ukikanyaga mafuta kidogo, nayo isishuke chini ya kiasi cha 13.5. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, betri haichajiwi, na kununua nyingine ni kutia maji katika pakacha. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na betri inachemshwa ikiwa hai. Dalili yake ni harufu ya mayai viza na maji yanayoisha kila mara. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yatokayo Japani huipunguza chaji kwa makusudi betri ikiisha kujaa, ili kubana mafuta, na kwa hiyo usomaji wa 12.8 katika magari hayo si ushahidi wa ubovu mpaka taa ziwashwe na alternata ilazimike kufanya kazi. Mita ikigeuzwa kwenye mkondo geu na kusoma zaidi ya nusu volti, daiodi za alternata zinavujisha.

Ipo desturi moja katika gereji zetu ambayo naipinga kwa nguvu zangu zote: kuchomoa waya wa betri ilhali injini inanguruma, ili kuona kama gari litazimika. Desturi hii ilitoka zama za dainamo, na haikuwa na madhara makubwa kwa magari ya wakati huo. Katika gari la leo, alternata inayonyang'anywa betri ghafula huweza kurusha volti nyingi mno, zikaunguza daiodi na hata kompyuta ya injini, na bei ya kompyuta hiyo itamfanya mwenye gari aikumbuke bei ya betri kama sadaka. Fundi anayenyoosha mkono kufanya hivyo na azuiwe kwa adabu, naye apewe mita.

Lakini kipimo kinachonivutia kuliko vyote, nacho hufanywa na wachache, ni cha volti zinazopotea njiani. Nilikishuhudia katika gereji moja ya Kizota, alipoletwa dereva wa Hiace, mtu mzima, ambaye alikuwa amebadilisha betri na baada ya muda mfupi ile mpya ikawa inagoma vile vile. Fundi, kijana mtaratibu, aliisalimu hadhira kwa "Mbukwenyi," akaipima betri akaikuta 12.6, akaipima alternata akaikuta haina ila. Ndipo aliposhikiza ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, akamwomba dereva azungushe ufunguo. Kati ya sehemu hizo mbili, ambazo zimeungwa na waya mnene wa eathi, mita haikupaswa kuonyesha zaidi ya volti 0.2, ikaonyesha 1.8.

Kijana aliufuata waya ule kwa vidole hadi ulipofungwa kwenye fremu, chini ya tabaka la udongo mwekundu uliochanganyika na oili. Aliifungua boliti yake, akaupasua mpira wa waya kwa kisu. Kwa nje ulikuwa mzima, na ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, zimesalia chache zinazong'aa. Akaukata, akavika kichwa kipya, akausugua msasa ule ukingo wa fremu mpaka chuma kikang'aa, akaufunga. Injini iliitika mara moja, na mita ikasoma 0.1.

"Mzee wangu," alisema akifuta mikono, "ile betri yako ya kwanza haikuwa na kosa. Iko wapi?"

"Niliwapa watu wa vyuma chakavu, mwanangu," alijibu dereva, "kwa kilo."

Dereva yule hakutofautiana na wengi, na uwanda huu una historia kongwe ya fedha zilizotangulia kipimo. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuipeleleza Tanganyika kwa kilimo kikubwa cha karanga, na ujumbe huo ulifanya kazi yake kwa wiki chache tu, sehemu kubwa ya ardhi ukiitazama kutoka ndegeni. Mwaka uliofuata kazi ilianza Kongwa, kwa matrekta mengi yaliyokuwa mabaki ya Vita vya Pili. Udongo wenye mfinyanzi ukageuka mgumu kama mwamba wakati wa kiangazi, mvua zikawa haba kama Wagogo waliokuwa wakilima mtama na uwele walivyozijua tangu zamani, mashine zikaharibika moja baada ya moja, na mwaka 1951 mpango wote ulikuwa umeachwa baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36. Kongwa iko mwendo mfupi tu mashariki ya mji, na kila nimwonapo mtu akilipia betri ambayo hakuna aliyepima haja yake, habari ile hunijia.

Yabaki maradhi ya usiku, ambayo katika Dodoma ya leo yameongezeka kwa sababu ambayo wenyewe hatukuitazamia. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024, watumishi wengi ambao zamani walikwenda Pwani kwa magari yao sasa huyaacha uani na kupanda treni, na gari lililozoea safari ndefu ya kujaza betri sasa hukaa wiki mbili au tatu chini ya jua bila kuguswa. Gari lililofungwa halilali usingizi mzito: king'ora, saa, kumbukumbu ya redio na kifaa cha kufuatilia gari vyote huendelea kunywa. Ikiwa vinakunywa miliampea 50, ambacho ni kikomo cha kawaida, kwa siku moja ni ampea-saa 1.2, na kwa wiki tatu ni kiasi cha 25. Betri ya ampea-saa 45 itakuwa imekwisha kupoteza zaidi ya nusu, pasipo ubovu wa mtu yeyote wala wa kitu chochote. Anayesafiri na afungue kichwa hasi cha betri kabla ya kuondoka. Na anayeshuku kwamba unywaji umepita kiasi na aiweke mita kwenye ampea kati ya nguzo hasi na waya wake, gari likiwa limefungwa na ufunguo umetolewa, angoje hadi kompyuta zote zilale, jambo ambalo katika magari mengine huchukua nusu saa au zaidi, kisha achomoe fyuzi moja baada ya moja; ile ambayo ikichomolewa tarakimu zinaporomoka ndiyo yenye njia ya mwizi. Katika zoezi hili asijaribu kuwasha injini, maana mkondo wa stata utaiunguza mita papo hapo.

Na ikiwa baada ya vipimo vyote hivi betri imethibitika kuwa imekufa, mnunuzi aende dukani na mita yake. Betri mpya iliyokaa rafuni muda mrefu katika joto letu nayo huchakaa. Ikisoma chini ya 12.4 na irudishwe ilikotoka, na muhuri wa tarehe usomwe kabla ya fedha kutolewa. Herufi ya L au R iliyo mwishoni mwa namba za betri za mtindo wa Japani huonyesha mpangilio wa nguzo, na anayeipuuza atafika nyumbani aone waya haufiki. Ile ya zamani isimwagwe tindikali yake korongoni ili iwe nyepesi kubeba, wala isiyeyushwe uani kwa ajili ya risasi. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofunguliwa mwaka 2007 kiliwatia wakazi risasi katika damu, watoto wakiwemo, na kilifungwa mwaka 2014 baada ya harakati zilizoongozwa na Phyllis Omido, aliyetunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Betri kuukuu na ikabidhiwe ikiwa nzima, imesimama wima, vifuniko vyake vimefungwa, kwa muuzaji wa betri anayezikusanya kwa ajili ya kiwanda chenye kibali cha kuzichakata.